Lumbesa: gunia moja, mikono mingi

Gunia la lumbesa halifungwi kwa siri. Hujazwa mchana kweupe, pembeni mwa shamba au kando ya barabara ya vumbi, mbele ya mwenye mazao, watoto wake na kila mpita njia. Mpakiaji hushindilia viazi hadi ukingoni, akalitikisa gunia na kulibamiza chini ili kila upenyo ujae. Pale ambapo gunia la kawaida lingeshonwa, yeye ndipo kwanza anaanza. Huzungusha kamba mdomoni mwa gunia, akaifuma huku na huku, na ndani ya kamba hizo akapanga viazi safu juu ya safu, mkono mmoja ukivuta na mwingine ukikandamiza, hadi juu ya gunia kunasimama kichwa kizima. Wengine hawahangaiki na kamba. Hukata gunia la pili, wakaunga nusu yake juu ya la kwanza na kuendelea kujaza. Kule Nyandarua, kwenye viazi vya Kenya, gunia la namna hii wamelibatiza mukurino, kwa kilemba cha waumini wa Akorino. Likipandishwa kwenye mizani, kama mizani ingekuwapo, lingesoma kilo 130, 150, pengine zaidi. Linalipwa kama gunia moja.

Sheria haina kigugumizi juu ya jambo hili. Tanzania inayo Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na tangu mwaka 2002 ina Wakala wa Vipimo wa kuisimamia. Mazao ya shambani hayatakiwi kufungashwa kwa uzito unaozidi kilo 100. Kenya iliweka kikomo cha kilo 110 kwa gunia la viazi mwaka 2005, kikavunjwa kila soko, na kwa kanuni za viazi za mwaka 2019 kikashuka hadi kilo 50. Kila msimu mkuu wa wilaya fulani hutangaza vita, malori kadhaa hushushwa mzigo, picha hutoka gazetini, na haupiti muda kamba zinarudi midomoni mwa magunia. Maelezo tuliyozoea ni kwamba dalali ana tamaa na mkulima ni mnyonge. Yote mawili ni kweli, na hata yakiunganishwa hayatoshi. Tamaa ipo kwenye kila biashara, lakini hakuna kituo cha mafuta kinachoweza kudai hadharani kwamba lita yake ina ujazo wa lita moja na nusu au nusu lita, kutegemea nani amesimama mbele ya pampu. Kwa viazi, vitunguu, kabichi na machungwa inawezekana, kwa sababu karibu kila anayeligusa gunia, kuanzia halmashauri hadi mwenye genge, amekubali kulipa au kulipwa kwa idadi ya magunia badala ya uzito. Kosa limegawanywa vipande vidogo vidogo mpaka hakuna anayejiona mkosaji. Kwa hiyo wajibu wa kulikomesha ni wa wote wenye kipande, wakiwamo wale ambao hawajawahi kushika kamba.

Lifuate gunia kutoka Makete au Uporoto hadi Dar es Salaam. Anayelijaza analipwa kwa gunia. Wanaolitoa shambani hadi barabarani wanalipwa kwa gunia. Mwenye lori anatoza nauli ya mzigo kwa gunia. Likifika getini, halmashauri inachukua ushuru wake. Kwa sheria, ushuru wa mazao ni asilimia ya thamani ya mzigo, na tangu mwaka 2017 asilimia hiyo ni 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Lakini kijana aliyeketi getini na mashine ya risiti hana mizani wala orodha ya bei ya siku. Ana macho na kamba ya kizuizi. Anahesabu magunia. Sokoni Mabibo au Ilala kuna wa kushusha, wa kulinda na dalali wa kuuza, na wote hao kipimo chao ni kilekile. Mnunuzi wa jumla akikaa na kalamu yake anaona wazi kwamba kila kilo anayoiongeza juu ya gunia inasafiri bure: haina nauli, haina ushuru, haina ujira wa kuli. Hata kama ni mcha Mungu wa kupigiwa mfano, akifunga magunia ya kilo 100 atalipia gharama hizo mara nyingi zaidi kuliko mwenzake aliyepakia kwenye lori lilelile, na soko halitamfidia. Tumejenga utaratibu unaomtoza faini mwaminifu, kisha tunashangaa mbona waaminifu ni wachache.

Hasara yote hiyo inamwangukia asiye na mwingine wa kumsukumia. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme shamba limetoa kilo 3,000 na bei iliyotajwa kijijini ni shilingi 60,000 kwa gunia. Kwa magunia ya kilo 100 mkulima ana magunia 30 na shilingi 1,800,000. Kwa lumbesa ya kilo 150 ana magunia 20 na shilingi 1,200,000. Laki sita zimeondoka bila mtu kuvunja mlango. Zilikuwa mbolea ya msimu ujao, au ada, au bati za nyumba iliyosimamia kwenye lenta. Halmashauri nayo, kwa kuhesabu magunia 20 badala ya 30, imepoteza theluthi ya ushuru iliyostahili kukusanya. Huyo ndiye mhanga wa ajabu kuliko wote: ina wanasheria, ina mgambo, ina sheria ndogo zilizochapwa na kubandikwa ukutani, na bado inapunjwa kwenye geti lake yenyewe, tena inamwandikia risiti anayeipunja.

Kuna pingamizi la kitaalamu ambalo halipaswi kupuuzwa. Mchumi atasema gunia ni jina tu. Kama kila mtu anajua lumbesa ina kilo 150, bei yake itapanda ilingane na uzito huo, na mkulima hatapoteza kitu. Ingekuwa hivyo kama lumbesa ingekuwa na ukubwa mmoja. Haina. Ukubwa wake unaamuliwa na mkono wa mpakiaji aliyeletwa na mnunuzi, baada ya bei kukubaliwa, viazi vikiwa vimeshachimbwa na vinapigwa jua. Saa hiyo hakuna mapatano tena. Kuna mtu mwenye lori na mtu mwenye lundo linaloharibika. Zaidi ya hapo, bei za jumla zinazotangazwa na serikali kwa masoko makubwa hutolewa kwa kilo 100. Mkulima anayesikia redioni bei ya viazi vya Dar es Salaam hana namna ya kuilinganisha na gunia lililo mbele yake, kwa kuwa hajui lina kilo ngapi. Hawezi pia kulinganisha mnunuzi wa leo na wa jana, wala kijiji chake na kijiji cha pili. Soko linalosifiwa kwa kurekebisha bei linahitaji kwanza watu wawili wanaojua wanauziana nini. Lumbesa inamfumba macho mmoja wao, na hapo ndipo wizi ulipo. Kilo za ziada ni mavuno yake tu.

Mjadala wa lumbesa nchini kwetu huishia kwa mkulima, na mtu wa pili anayeumia hatajwi. Tazama gunia linavyoshushwa Kariakoo, au Marikiti ya Nairobi, au Kongowea kule Mombasa. Wawili walio juu ya lori wanalisukuma hadi ukingoni. Chini amesimama wa tatu, ameinama, kiroba kimekunjwa juu ya shingo kuzuia mchubuko, mikono imerudishwa nyuma kulipokea. Likimtua mgongoni, magoti yanacheza kidogo kabla ya hatua ya kwanza, na baada ya hapo hawezi kusita, maana kusita ni kuanguka nalo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu uzito wa mizigo ya kubebwa na mtu mmoja, na pendekezo lililoambatana nao likataja kilo 55 kuwa kiwango ambacho mwanamume mzima asibebeshwe zaidi yake. Lumbesa ya kilo 150 inakaribia mara tatu ya hapo. Na kwa kuwa kuli analipwa kwa gunia, kila kilo inayopita 100 anaibeba bure, kama lori linavyoibeba bure. Tofauti ni kwamba lori likichoka hupelekwa gereji. Yeye hana bima wala mwajiri anayejulikana kwa jina, na kiuno chake kikikataa kazi, nafasi yake inajazwa kabla ya saa sita mchana. Wapo wanunuzi wa mjini ambao wangempigia kelele mwenye punda aliyepakiwa hivyo, lakini wakipishana na mtu huyo sokoni wanachoona ni usumbufu wa njia.

Wafanyabiashara wana jibu lao, na jibu hilo lina ukweli ndani yake: mkulima naye si malaika. Viazi vidogo na vilivyokatwa na jembe hufichwa katikati ya gunia, vizuri vikapangwa juu. Pamba hunyunyiziwa maji au kuchanganywa na mchanga ili izidi uzito. Magunia ya korosho yamewahi kukutwa na kokoto. Mnunuzi anasema lumbesa ni bima yake dhidi ya hayo, na kwamba huko mbele naye atauza kwa watu ambao nao watamchezea. Hasemi uongo. Teremka mpaka kwenye rejareja ukaone sado, ile ndoo ndogo ya rangi, iliyopashwa moto ili kitako kiingie ndani, au gorogoro ya Kenya, kopo la kilo 2 la unga na mahindi, lililogongwa chini mpaka likapungua ujazo wake. Mzigo uliozidishwa shambani unapunguzwa gengeni, na katikati ya ncha hizo mbili kuna kilo ambazo hakuna aliyezilima wala aliyezila anayejua zilikokwenda. Lakini madai kwamba wizi wa huku unafuta wizi wa kule hayasimami. Mkulima aliyechambua viazi vyake kwa uangalifu anafungiwa lumbesa ileile na kulipwa bei sawa na jirani yake aliyeficha vibovu. Bima hiyo inalipiwa na asiye na hatia, na kila msimu unaopita anafundishwa kwamba kuchambua ni ujinga. Mizani pekee haitamaliza udanganyifu wa ubora, ni kweli. Kinachowezekana ni kutenganisha mashtaka mawili, la uzito na la ubora, ili kila moja lihukumiwe kwa haki yake, badala ya kuyatumbukiza yote ndani ya gunia na kulifunga kamba.

Mahubiri hayajatusaidia, na si kwa sababu yamekosekana. Kurani ina sura nzima yenye jina la wapunjao vipimo. Torati inamkataza mfanyabiashara kuwa na mawe mawili ya kupimia, zito na jepesi. Watu wa pwani walikuwa na kibaba, pishi na frasila muda mrefu kabla ya kilo kufika, na mtoto aliyetumwa dukani alijua tofauti ya pishi iliyojaa na iliyopunguzwa. Hakuna mnunuzi wa lumbesa asiyejua kwamba kupunja ni dhambi. Anajua, anasali, anatoa sadaka, na Jumatatu anakwenda kununua kwa gunia, kwa kuwa hakuna mahali popote kwenye safari ya gunia hilo anapolazimika kuitaja kilo.

Wengine hukata tamaa wakisema hii ni desturi, na desturi haing'olewi kwa amri. Mwanahistoria wa Poland, Witold Kula, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1970 kuhusu historia ya vipimo vya Ulaya, na anayekisoma akiwa ametoka soko la Mabibo hatajiona mgeni. Kwa karne nyingi nafaka za huko zilipimwa kwa vyombo, na vita vyote vilikuwa juu ya kilele: je, chombo kisawazishwe kwa kijiti, au kijazwe mpaka kifurike juu? Mabwana wa ardhi walipokea kodi ya nafaka kwa kilele na walipouza walisawazisha. Ufaransa ilipoitisha malalamiko ya wananchi mwaka 1789, madaftari yaliyotoka vijijini yalijaa vilio kuhusu vipimo, na ombi la kuwa na kipimo kimoja kwa nchi nzima likarudiwa tena na tena. Mfumo wa mita na kilo tunaoutumia leo uliwekwa na sheria ya Ufaransa ya mwaka 1795. Haukushika mara moja. Napoleon alirudisha baadhi ya vipimo vya zamani mwaka 1812 ili kuwaridhisha watu, na ni mwaka 1840 tu kilo na mita zilipokuwa lazima bila mbadala. Miaka 45 kutoka sheria hadi sheria hiyo kushika, tena katika nchi ileile iliyokivumbua kipimo hicho. Anayesema desturi haibadiliki anakosea. Anayesema itabadilika kwa tangazo moja la mkuu wa wilaya anakosea vilevile.

Kwetu pia liko tukio la kujifunzia, na linahusu pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Jimbo la Ziwa walikuwa wamechoka kuibiwa kwenye mizani ya wanunuzi. Hapo mizani ilikuwapo. Tatizo lilikuwa nani ameishika na nani anajua kuisoma. Hawakuanza kwa maandamano wala kwa mahakama. Waliweka wapimaji wao wenyewe vituoni, watu wenye kujua namba, wakisimama kando ya mnunuzi na kupima tena mzigo wa mkulima kabla haujapokewa. Mkulima aliyefika na furushi lake akiwa anajua kilo zake hakuwa tena mtu yuleyule mbele ya karani. Kutoka kwenye kazi hiyo ndogo na ya kuchosha vikakua vyama vya wakulima, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, ambalo Paul Bomani, aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru, alikuwa kiongozi wake mkubwa. Ushirika huo ulifikia hatua ya kununua na kuchambua pamba kwa mitambo yake. Ningependa jambo hili lifundishwe shuleni kwa uzito uleule wa harakati za uhuru, kwa sababu lilikuwa sehemu yake: watu walidai kwanza haki ya kujua uzito wa jasho lao.

Yaliyofuata hayapendezi kusimuliwa, lakini ndiyo yenye faida zaidi kwa hoja hii. Baada ya uhuru vyama vya ushirika vilipanuka haraka, vikaingiliwa na siasa, na malalamiko dhidi ya makarani wake yakawa mengi kiasi kwamba mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuvichunguza pamoja na bodi za mazao. Miaka 10 baadaye, mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Vilirejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mpimaji aliyewekwa kumlinda mkulima alikuwa, sehemu nyingi, amegeuka kuwa mtu ambaye mkulima alihitaji kulindwa dhidi yake. Wakosoaji wa ushirika huchukua historia hii kuwa ushahidi kwamba hakuna haja ya kujaribu tena. Naisoma tofauti. Wapimaji wa miaka ya 1950 walikuwa waaminifu kwa sababu walisimama mbele ya watu waliowaweka na ambao wangeweza kuwaondoa jioni hiyohiyo. Karani wa miaka ya 1960 aliwajibika kwa ofisi iliyo mbali, na mkulima aliyemlalamikia hakuwa na pa kwenda. Kilichopotea ni macho ya wenye mzigo. Leo mizani za kidijitali zimeanza kuenea kwenye vyama vya msingi vya pamba na korosho, na ni jambo jema, ila skrini inayomwelekea karani peke yake ni karani yuleyule wa zamani aliyepewa betri.

Lazima pia ikubaliwe kwamba kuna punjo ambayo mizani haiifikii. Mtwara na Lindi korosho huuzwa kwa kilo, kwa mnada, kupitia stakabadhi ghalani, mfumo uliotungiwa sheria mwaka 2005. Hata hivyo kangomba, ununuzi wa korosho nje ya mfumo huo, haikufa. Mnunuzi wa kangomba haji wakati wa mnada. Anakuja miezi kadhaa kabla, wakati ndani hamna unga na mtoto amerudishwa shule, akapima kwa chombo chake na kulipa bei anayoitaka yeye. Mwaka 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ililazimika kufanya uhakiki wa mashamba ili kuwatenganisha wakulima na wenye kangomba, na uhakiki huo ukawachelewesha hata wakulima halali kupata fedha zao. Kagera hali hiyohiyo huitwa butura, ambapo kahawa inauzwa ikingali mtini. Anayeuza hivyo anajua vizuri uzito wa mali yake. Anachokosa ni muda wa kusubiri. Kwa hiyo kijiji kinachotaka mizani kinahitaji pia mfuko wa akiba na mikopo, VICOBA au chama cha msingi chenye fedha, la sivyo lumbesa itafukuzwa barabarani na kuingia nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Lipo pingamizi la mwisho, na hili ndilo linalotolewa na watendaji wenyewe: kupima kila gunia ni kazi kubwa mno, wakaguzi wa vipimo ni wachache, na wilaya ikibana peke yake malori yatageukia wilaya jirani. Kuhusu ujirani, ni kweli, na ndiyo maana amri ya wilaya moja haina maana. Sheria ipo ya nchi nzima na inapaswa kusimamiwa kikanda, mikoa ya Njombe, Mbeya na Iringa kwa siku moja. Lakini kuhusu ugumu wa kupima, lori hilohilo lililobeba lumbesa litapimwa. Litapimwa Makambako, litapimwa Mikumi, litapimwa Vigwaza kabla ya kuingia Dar es Salaam, kwa mizani kubwa za barabarani, na likizidisha uzito mwenyewe atalipa. Nchi za Afrika Mashariki zimetunga hata sheria ya pamoja ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, na faini yake inauma. Taifa limeona lami inastahili kulindwa kwa mizani. Hakuna anayesema lori ni kubwa mno kupimwa. Gunia ndilo linaloambiwa hivyo. Na ikiwa uzito wa shehena nzima unajulikana kwa kilo na kuandikwa kwenye karatasi, mwenye lori hana sababu ya kutotoza nauli kwa kilo, wala halmashauri ya kutotoza ushuru kwa kilo. Mabadiliko hayo mawili yakifika, kilo 50 za ziada hazitasafiri bure tena, na kamba mdomoni mwa gunia itakuwa kazi isiyo na malipo.

Hilo ndilo jambo la kuanza nalo, kwa sababu halisubiri moyo wa mtu ubadilike. Halmashauri iweke mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo kwenye kila kituo cha mauzo na iandike ushuru kwa kilo. Serikali za vijiji zinayo mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, na zinaweza kuamua kwamba mzigo haupakiwi kijijini isipokuwa umepita kwenye mizani hiyo, skrini ikiwaelekea muuzaji na mnunuzi kwa pamoja. Vyama vya wabebaji mizigo sokoni, ambavyo vina nguvu kuliko vinavyojidhania, vinaweza kukataa gunia linalozidi kiwango. Siku tatu za kukataa Mabibo zingesikika hadi Makete. Bei ya mizani si kisingizio, kwani hasara ya wakulima wachache kwa msimu mmoja inaizidi.

Mkutano mkuu wa kijiji unapoitishwa kabla ya mavuno, ajenda huwa ni michango ya zahanati, barabara na ulinzi. Ndugu msomaji, ikiwa una shamba, jamaa mwenye shamba, au sauti yoyote kijijini kwenu, omba iongezwe ajenda moja zaidi, na diwani aulizwe hadharani: geti letu lina mashine ya risiti, kwa nini halina mizani?